Kila Jumatatu kompyuta yetu inarudi mwaka 2012

SWALI

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, mama wa watoto wawili: wa kwanza yuko kidato cha nne, wa pili ana miaka mitatu. Nakuandikia kabla kompyuta haijatugawa nyumba nzima.

Tuliinunua ya mtumba, zile za mezani zinazoletwa kutoka Ulaya, yapata miaka miwili sasa. Ilikuwa haina neno. Mimi naitumia kutungia mitihani na kujazia ripoti za wanafunzi. Kijana wangu anajisomea na, sikatai, anacheza gemu pia. Miezi mitatu iliyopita, Jumatatu alfajiri, niliiwasha nikakuta kioo cheusi chenye maandishi meupe: "CMOS checksum error", na chini yake ikanitaka nibonyeze F1. Nikabonyeza, ikaendelea kuwaka kama kawaida. Ila tarehe ilisomeka Januari 2012! Nikijaribu kufungua kurasa za intaneti naambiwa mawasiliano si salama, huenda kuna mtu anataka kuniibia. Simu yangu, kwa WiFi hiyo hiyo, inafungua kila kitu.

Nikarekebisha tarehe, mambo yakatulia. Jumanne shwari, Jumatano shwari, mpaka Ijumaa. Jumatatu iliyofuata, yale yale. Ikawa ndiyo desturi yake. Siku moja nilikuwa na haraka, sikurekebisha tarehe, nikatunga mtihani wa Hisabati nikauhifadhi. Jioni nautafuta juu kwenye orodha ambako huwa nakuta kazi zangu mpya, haupo. Nikautunga upya usiku huo huo kwa hasira. Siku nyingine niliiwekea saa kama ilivyosema ya ukutani, saa mbili na dakika kumi asubuhi, nikachapa ripoti. Mwalimu mkuu akaniuliza kwa upole kama ninapata usingizi, kwa sababu pembeni mwa karatasi palijiandika kwamba nimechapa saa nane usiku.

Baba watoto akaamua ni kirusi, na kirusi kimeletwa na gemu. Kijana amepigwa marufuku kuigusa. Mama mkwe anashauri tuisomee dua kwanza.

Tukamwita fundi. Akasema Windows imechoka na diski ni ya kizamani. Akaondoka nayo, akaweka diski mpya ya SSD, zile za kisasa zenye kasi, akapiga Windows upya, tukalipa shilingi 150,000. Ilirudi ikiwaka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Hata Jumatatu ya kwanza ilipita salama. Siku za Jumamosi na Jumapili zilizoitangulia Jumatatu hiyo mdogo wangu alikuwa anaolewa hapa hapa mjini, nyumba ilijaa wageni, na walikesha wakitazama picha za harusi humo humo. Nikamsifu fundi kwa kila mtu.

Jumatatu ya pili tumerudi alfajiri kutoka shambani kwetu Muheza, ambako huwa tunakwenda tangu Ijumaa kuangalia machungwa. Nikachomeka ekstensheni ya sebuleni (mume wangu huing'oa yote tukiondoka, tangu radi ilipotuunguzia televisheni), nikawasha. Maandishi yale yale. Nikabonyeza F1, na safari hii haikuendelea. Kilikuja kioo cha bluu chenye kisura cha huzuni na maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE". Ikajizima, ikajiwasha, bluu tena.

Fundi akaja, akabonyabonya kama dakika tano, ikawaka. Akachukua 15,000. Jumatatu iliyofuata, bluu. Sasa anasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa, tutafute 220,000 ya kununua nyingine ya mtumba. Baba watoto anasema ni kirusi kimekula mazabodi. Kijana anaapa hajaigusa mwezi mzima.

Mjomba, ni kirusi, ni diski feki au ni mazabodi? Na hiyo laki mbili na ishirini niitoe?

Mama Wawili, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa hizo Jumatatu.

Usiitoe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifuata alichosema fundi, alichosema baba watoto na alichosema mama mkwe. Mara ya pili nikashika kalamu nikapigia mstari majina ya siku peke yake. Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu, na kisha Jumatatu moja ya harusi ambayo mashine iliamka nzima. Mazabodi iliyokufa haifufuki Jumanne. Diski feki haijui kwamba nyumbani kuna shughuli. Kuhusu virusi, ni kweli viliwahi kuwapo vyenye kuvizia tarehe: mwaka 1992 watu waliogopa sana kimoja kilichoitwa Michelangelo, ambacho kiliamka tarehe 6 Machi tu, na wapo waliokikwepa kwa kusogeza mbele kalenda ya kompyuta ili siku hiyo irukwe. Lakini kirusi cha kujua kwamba wenye nyumba wamekwenda Muheza sijakiona.

Kinachojua mmekwenda Muheza ni ekstensheni.

Ndani ya sipiyu yako, yaani lile kasha la kompyuta, kwenye mazabodi hiyo hiyo inayosingiziwa kifo, kuna betri ya duara inayong'aa, ukubwa wake kama sarafu. Aina yake ni CR2032, na jina hilo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Ina volti 3. Ndiyo ile ile inayowekwa kwenye rimoti nyingi za magari na mizani za jikoni. Kazi yake katika kompyuta ni kukesha. Mashine ikikosa umeme kabisa, betri hiyo inaiendesha saa na kushikilia kumbukumbu ndogo ya mipangilio, ndiyo ile CMOS uliyoisoma kwenye kioo: leo ni tarehe ngapi, diski isomwe kwa namna gani, ianze kuwaka na kifaa kipi.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa na mlinzi huyo. Kila ukiiwasha ilikuuliza leo tarehe ngapi na sasa saa ngapi, kama mtu aliyezinduka wodini. Mwaka 1984 ikatoka modeli iliyoitwa AT, ikiwa na chipu ya saa ya Motorola na betri ya kuilisha. Kumbukumbu yote ya chipu ile ilikuwa baiti 64 tu, na 14 kati ya hizo zilikuwa za saa na uendeshaji wake. Zilizobaki 50 ndizo zilizobeba mipangilio. Saa inakwenda kwa kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde. Mwambie kijana wako aigawe namba hiyo kwa mbili, kisha jibu lake kwa mbili, mara 15, aone anabaki na nini. Ndiyo njia ya chipu kuipata sekunde moja, na saa za mkononi za kwatzi zinatumia ujanja huo huo.

Sasa fuatana nami kwenye wiki yako. Jumanne usiku unazima kompyuta, lakini waya unabaki ukutani. Kompyuta ya mezani ikizimwa hivyo hailali fofofo: kisanduku cha umeme kinaendelea kupitisha umeme kidogo kwenye mazabodi, na saa inakula huo, betri imepumzika. Umeme ukikatika saa moja au mbili, betri inajikongoja mpaka urudi. Ijumaa baba watoto anang'oa ekstensheni. Hapo kuanzia jioni hiyo mpaka Jumatatu alfajiri, siku mbili na zaidi, mzigo wote ni wa betri. Betri changa isingeutambua mzigo huo, hukaa miaka. Ya kwako imezeeka, mahali fulani Jumamosi inaishiwa nguvu, na kila kilichokuwa kwenye ile kumbukumbu kinafutika.

Wiki ya harusi hakuna aliyeng'oa kitu. Wageni walikesha na picha. Fundi akapata sifa ambazo nusu yake zilikuwa za bwana na bibi harusi.

Na kwa nini 2012? Mashine ikipoteza saa hurudi kwenye tarehe iliyowekwa na kiwanda ndani ya programu yake ya kuanzia, na mara nyingi hiyo hukaribiana na mwaka iliotengenezwa. Kwa hiyo kila Jumatatu imekuwa ikikutajia umri wake. Ukihesabu pia muda iliokaa ghalani Ulaya baada ya ofisi fulani kuitupa, muda wa kontena baharini, na muda wa kusubiri mteja dukani, vyote bila umeme, utaona ile betri ilikufikia ikiwa imeshakaribia kaburi lake. Ndiyo maana nawaambia watu wanaonunua kompyuta za mtumba wabadilishe betri ya saa siku ile ile, kabla hata ya kuifuta vumbi.

Maandishi meupe ya mwanzo yanasema neno kwa neno kilichotokea. Mwenye duka akifunga hesabu usiku hujumlisha daftari na kuandika jumla chini ya ukurasa. Asubuhi anajumlisha tena. Jumla zisipolingana basi kuna mstari umefutwa au umechezewa, na kwa kuwa hajui ni upi, analitupa daftari zima na kufungua jipya. Kompyuta nayo huhifadhi jumla ya mipangilio yake, ndiyo hiyo "checksum". Ikiamka inajumlisha upya, haipati jibu la jana, inaitilia shaka mipangilio yote na kuanza na ile ya kiwandani. F1 ni ya kukuuliza: umekubali tuendelee hivyo?

Ulikubali, na wewe hukuwa na kosa. Lakini ndiyo chanzo cha vituko vilivyofuata.

Kurasa za intaneti zilikukataa kwa sababu ya tarehe. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Vingine ni vya muda mfupi sana: vile vinavyotolewa bure na Let's Encrypt kwa miaka mingi vilikuwa vya siku 90. Mtu anayeamini yuko Januari 2012 akionyeshwa cheti kinachoanza kutumika mwaka huu, anaona karatasi ya kughushi, na kompyuta yako ilifanya kama ambavyo angefanya ofisa yeyote mwenye akili. Simu yako haikuwa na tatizo kwa kuwa saa yake inatoka kwenye mtandao wa simu.

Mtihani wa Hisabati upo. Namaanisha ule wa kwanza. Ulihifadhiwa ukiwa na tarehe ya 2012, na wewe ukautafuta juu, kwa kazi mpya. Kama fundi alihamisha mafaili yako yote kwenda diski mpya, panga orodha kwa tarehe kisha ushuke mpaka chini kabisa, uukute umekaa na wazee wenzake. Kama hakuyahamisha, mwombe ile diski ya zamani. Ni mali yako, na sijaona mahali uliposema amekurudishia.

La saa nane usiku limenichekesha, samahani. Kompyuta haihesabu saa Kiswahili. Saa mbili asubuhi yetu kwake ni 8. Ukiandika 2 ya asubuhi, yenyewe inaelewa saa nane za usiku, watu wamelala. Hilo halina uhusiano na betri, na si wewe wa kwanza.

Nije kwenye kioo cha bluu, maana hapo ndipo pesa zinapotaka kukutoka.

Kumbuka ulichoniambia mwenyewe: kabla ya fundi, ulibonyeza F1 na mashine ikaendelea. Baada ya fundi, F1 ikawa inakupeleka kwenye bluu. Ugonjwa wa betri ni ule ule, umri umeongezeka wiki chache tu. Kilichobadilika ni kazi aliyoifanya fundi. Kompyuta za umri huo zina njia zaidi ya moja ya kuzungumza na diski: ipo inayoitwa IDE, ipo AHCI, ipo RAID, na njia hiyo huchaguliwa kwenye mipangilio ile ile inayolindwa na betri. Alipoweka SSD, kwa maelezo yako naona alichagua AHCI, na alifanya vyema, maana diski hizo ndiyo zinayoipenda. Kisha akapiga Windows. Windows ikijifunza kuzungumza na diski kwa njia moja, ukiigeuzia njia ghafla inaduwaa, na maneno ya kuduwaa kwake ndiyo hayo uliyoyanakili: kifaa cha kuanzia hakifikiki. Betri ikaishiwa Jumamosi, mipangilio ikarudi ya kiwandani, njia ya diski ikarudi ya zamani. Windows ya awali ilikuwa imepigwa kwa njia hiyo ya kiwandani, ndiyo sababu haikulalamika.

Zile dakika tano za 15,000, basi, alikuwa anairudisha AHCI. Ni vigumu kupata kingine kinachoponya bluu hiyo kwa dakika tano.

Fundi wako simwiti mwizi. SSD aliyokuwekea ni kitu cha maana, kasi uliyoiona ni ya kweli, wala usidai hela hiyo. Lakini aliifungua ile mipangilio, akaiona tarehe ya 2012 imekaa pale juu, akarekebisha mstari mmoja na kuondoka. Kosa lake ni hilo. Mtu akikukuta unadeki maji kila asubuhi, akakusaidia kudeki bila kutazama juu kwenye bati, mtadeki wote mpaka masika yaishe. Na kutoka hapo kurukia mazabodi ni kuruka kweli.

Kabla ya kununua chochote fanya jaribio la bure. Washa mashine na ubonyeze F2 au Delete mfululizo tangu sekunde ya kwanza (kuna zinazotaka F10, huwa zinaandika pembeni mwa kioo) mpaka ufike kwenye mipangilio. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujagusa kitu. Hakikisha kwanza jina la SSD linaonekana. Lisipoonekana, hadithi yangu ina tundu, na waya wa diski au diski yenyewe ikaguliwe. Likionekana, tafuta mstari wenye neno SATA, uutoe kwenye IDE au RAID uupeleke AHCI. Kwa mashine yenye diski moja kama yako, kugeuza mstari huo hakufuti faili lolote, na ukikosea unaurudisha ulivyokuwa. Rekebisha tarehe na saa, kwa Kizungu kama tulivyokubaliana. Hifadhi na utoke, mara nyingi ni kwa F10. Windows iwake.

Ijumaa mwombe baba watoto aache soketi ya sipiyu tu, ang'oe mengine yote. Hofu yake ya radi ni ya haki, sitamcheka, kwa hiyo chagueni wiki ambayo anga ni jeupe. Jumatatu ikiamka salama, mhalifu amepatikana bila kutoa senti. Anayetaka uhakika zaidi apime betri kwa mita ya kupimia volti: mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo, ikiwa chini ya 2.7 hivi imeshakwisha hata kama saa bado inakwenda.

Betri yenyewe utaipata kwa wauza saa, kwa wauza vifaa vya simu, hata kwenye maduka makubwa ya vyakula, kwa bei ya soda mbili tatu. Chukua iliyo ndani ya pakiti yake, yenye tarehe ya kwisha. Zile zinazomwagwa kwenye bakuli juu ya meza zinagusana na kumalizana nguvu zenyewe kwa zenyewe.

Kuibadilisha ni kazi fupi. Zima, ng'oa waya wa umeme kwenye sipiyu, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kasha. Gusa bati la kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kingine, uachie umeme tuli wa mwilini huko. Betri utaiona mara moja, ndiyo sarafu pekee humo ndani. Itazame ilivyokaa: upande mpana wenye maandishi na alama ya kujumlisha huwa unaangalia juu. Kuna kijino cha chuma pembeni, kisukume kidogo kwa ncha ya bisibisi na betri itaruka yenyewe. Usiichokonoe kutoka chini, utavunja kishikio, na hapo kweli tutaanza kuzungumza habari za mazabodi. Weka mpya, funga, chomeka, washa. Maandishi meupe yatakuja mara moja ya mwisho kwa kuwa kumbukumbu iko tupu. Ingia kwenye mipangilio, weka tarehe, weka AHCI, hifadhi.

Mwenye kompyuta mpakato asifuate maelezo haya kwa pupa. Nyingi zina betri iliyofungwa kwa vijiwaya viwili, imefichwa chini ya vitu ambavyo ukivitoa bila mazoea hutavirudisha. Na mashine za miaka ya karibuni nyingi hutunza mipangilio kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, kwa hiyo betri ikifa zinapoteza saa peke yake, bluu haiji.

Kuna jambo moja sitalipitia haraka, Mama Wawili, kwa sababu umeniambia mdogo ana miaka mitatu. Betri hii inatoshea vizuri kwenye koo la mtoto na kukwama. Ikikwama inaunguza umio, na kidonda kibaya kinaweza kutokea ndani ya saa mbili tu. Iliyokwisha nayo ni hatari, maana kisichotosha kuendesha saa bado kinatosha kuunguza nyama. Ukiitoa usiiweke juu ya meza "kidogo tu". Izungushie selotepu pande zote mbili, uiweke mahali asipofika, kisha utafute pa kuitupa. Na siku yoyote ukishuku amemeza, hata kama anacheka na kukimbia, ni hospitali muda huo huo, usingoje dalili.

Ikitokea umebadilisha betri na bado Jumatatu ikarudi 2012, niandikie. Hapo nitaanza kukitazama kishikio cha betri, ambacho hulegea au kushika kutu, hasa kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu Tanga. Mazabodi ni ya mwisho kwenye foleni.

Mama mkwe mpe salamu zangu, dua yake haitaharibu kitu. Baba watoto mwonyeshe barua hii akiwa ameshakula. Na kijana ambaye amekaa mwezi mzima akitumikia kifungo cha kosa la betri, muiteni siku ya kufungua kasha. Bisibisi ashike yeye.